Mdomo wa Kukodi

Kijiko cha kwanza kinamkunja uso. Jicho moja linafumba, mashavu yanazama, mabega yanapanda mpaka masikioni, na mdomo huohuo uliochukizwa unatakiwa useme kwamba dawa hii ni tamu kama peremende. Lucy anasema. Mwongozaji haridhiki, anataka arudie. Kijiko cha pili kinashuka vizuri kidogo. Vinavyofuata vinapokelewa kwa hamu. Dawa inaitwa Vitameatavegamin, na kama jina linavyojigamba, ndani mna vitamini, nyama, mboga na madini. Jina halisemi kwamba mna pia alkoholi asilimia 23, na Lucy hana habari. Mazoezi yanaporudiwa na kurudiwa, jina la dawa linaanza kumponyoka. Silabi zinapishana, zinagongana, nyingine zinaachwa njiani. Kijiko kinayumba, dawa inamwagika, na mwisho anaona kijiko ni usumbufu mtupu, anapeleka chupa mdomoni.

Kipande hicho ni cha mfululizo wa "I Love Lucy", na kilirushwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 5 Mei 1952 kwa jina la "Lucy Does a TV Commercial". Walioutunga mfululizo huo ni Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr. Lucille Ball, anayemwigiza Lucy, alicheza mbele ya watazamaji waliokaa studioni, kamera za filamu zikimfuata, kwa hiyo kicheko unachokisikia ni cha watu waliokuwa mle ndani. Kisa ni chepesi. Ricky, mwanamuziki Mkuba anayechezwa na Desi Arnaz, ambaye nje ya mchezo pia alikuwa mume wa Lucille Ball, anatafuta msichana wa kutangaza dawa katika kipindi cha televisheni. Mke anaitaka kazi hiyo, mume hataki kusikia. Mke anafanya hila ili msichana aliyechaguliwa asije, anajipeleka mwenyewe.

Naandika juu yake kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtu wa Vurra, huku mpakani ambako barabara ya lami kutoka Arua inaishia kwenye kizuizi cha forodha na Kongo inaanzia, na chakula changu kinatokana na kusema maneno ya watu wengine. Nakaa mbele kwenye pikapu, spika mbili zimefungwa juu, jenereta ndogo inanguruma nyuma, nami nasifu. Sabuni, magodoro, mbegu za mahindi, mikutano ya injili, shule za bweni, mechi za mpira. Vijijini Logiri na Arivu nasema Kilugbara. Sokoni Arua nachanganya Kilugbara na Kiswahili, kwa sababu soko la Arua lina Wakakwa, Wanubi, Waalur, Wakongo na watu wa Sudan Kusini, na hakuna mfuko wa mtu unaofunguka kwa lugha asiyoielewa. Pale Customs, yaani kwenye kizuizi, siku ya soko naongeza Kilingala, ambacho ni cha kuombea maji tu, lakini bei naweza kuitaja.

Lucy nilimpata kwa kijana mmoja wa Arua anayeuza filamu kwenye kadi za simu. Alikuwa amenijazia sinema za Kihindi na za kivita, na katikati akatupia vichekesho vya zamani visivyo na rangi ili kadi ijae. Nilivyoona mwanamke huyo na kijiko chake nilikipeleka kipande kwenye kibanda cha video cha jirani yangu, tukakionyesha kabla ya mpira, mimi nikitafsiri papo hapo kama wanavyofanya wale mavijei wa Kampala. Mwaka 1952 Uganda nzima haikuwa na televisheni. Yetu ilianza 1963. Watu wengi waliokuwa kibandani hawakuwa wamezaliwa hata huo mwaka wa 1963. Hata hivyo sikuhitaji kutafsiri mengi. Mama mmoja anayepika arege, gongo yetu ya kienyeji, nyuma ya soko alimtazama Lucy kijiko cha kwanza, akamtazama cha pili, kisha akasema kwa sauti ya mtaalamu:

"Hiyo si dawa. Hiyo ni arege, tena ya mkono mwepesi."

Nilipomwambia ni asilimia 23 alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bia nyingi ni 5 hivi, waragi ya kiwandani ni 40. Alikuwa amekisia vizuri bila kipimo.

Kibanda kilicheka Lucy alipolewa. Mimi nilikuwa nimeshacheka zamani, kijiko cha kwanza. Hapo ndipo mtu wa kazi hii anapojiona. Ulevi unaofuata ni fundi mkubwa akionyesha ufundi wake, na Lucille Ball alikuwa fundi kwelikweli: kila anaporudia maneno yaleyale, kosa linahama mahali, mpaka unajikuta unalisubiri lilipo. Lakini utani wenyewe kuhusu biashara ya matangazo uko katika ile nusu ya sekunde kati ya uso kukunjamana na mdomo kusema "tamu". Nimesifu magodoro ambayo mgongo wangu haujawahi kuyagusa. Nimesifu chakula cha kuku wa mayai wakati nyumbani kwangu kuna jogoo mmoja asiye na adabu. Anayesoma tangazo hana haja ya kuamini, na aliyempa karatasi hana haja ya kumwuliza kama anaamini. Wanachotaka ni tabasamu liwahi. Mwongozaji wa Lucy si mtu mbaya hata kidogo. Ni mpole, anamwelekeza vizuri, anampa moyo, ana kazi ya kumaliza kabla ya jioni. Watunzi wangeweza kumfanya dikteta. Walijua kwamba wa kweli wako hivi, wapole.

Sasa tuingie kwenye fedha. Siku hizi kituo cha televisheni kinatengeneza au kununua kipindi, kisha kinauza dakika za matangazo kwa yeyote mwenye pesa. Marekani ya 1952 mambo yalikuwa tofauti: mara nyingi kampuni moja ndiyo iliyokuwa mdhamini wa kipindi kizima, na wakala wake wa matangazo alikaa mezani pamoja na watunzi. Jina la kampuni lilitangulia, kichekesho kikafuata nyuma. Mdhamini wa "I Love Lucy" alikuwa Philip Morris, kampuni ya sigara. Wakala wake alikuwa Milton Biow wa New York.

Huyo Biow ana kisa ambacho nakipenda kuliko kipindi chenyewe. Mwaka 1933, katika hoteli ya New Yorker, alimkuta mhudumu mfupi sana, urefu wake karibu sentimita 120, jina lake Johnny Roventini. Kazi yake ilikuwa kupita ukumbini akiita majina ya wageni wanaotafutwa. Biow alimpa dola moja amwite mgeni anayeitwa Philip Morris. Kijana akazunguka ukumbi mzima akipaza sauti, akarudi kuripoti kwamba bwana huyo hakuitika. Hakujua kwamba alikuwa akiita pakiti ya sigara. Sauti yake ilimpendeza Biow, wakamwajiri, na kwa miaka mingi Marekani nzima ikamjua Johnny katika sare yake nyekundu ya mhudumu na kofia ndogo, akiita jina lilelile redioni, magazetini, kisha kwenye televisheni.

Huyo ni mwenzangu wa kazi. Siku ya kwanza alisifu kitu bila kujua kwamba anasifu, na hapo ndipo walipomwona anafaa.

Rudi sasa kwenye kipande cha dawa, mwanzoni, kabla ya chupa. Lucy anataka kumthibitishia Ricky kwamba anaweza kutangaza. Anatoa mashine yote iliyo ndani ya televisheni ya nyumbani, anaingia mwenyewe ndani ya kasha, na Ricky anapoitazama televisheni anamkuta mkewe humo. Amevaa nini? Sare ya Johnny. Yaani katika kipande kinachodhihaki matangazo, wa kwanza kutangazwa ni mdhamini, na mchezaji mkuu ndiye aliyevaa tangazo. Watazamaji walicheka kwa sababu walimfahamu Johnny. Mdhamini alicheka pia, nadhani, na kwa sababu nzuri zaidi.

Utaniambia hayo ni mambo madogo. Basi angalia mwanzo wa vipindi hivyo. Ukikipata "I Love Lucy" leo, utaona moyo mkubwa juu ya kitambaa cha hariri na jina limeandikwa kwa mkono katikati yake. Haukuwapo siku za kwanza. Mwanzo wa asili ulikuwa wa katuni: vibonzo vya Lucy na Ricky wakichezacheza juu ya pakiti ya sigara. Udhamini wa Philip Morris ulipokwisha katikati ya miaka ya 1950 na vipindi vikaanza kurudiwa, katuni ile iliondolewa, moyo ukawekwa mahali pake. Dunia imeupenda moyo ule, imeuchapa kwenye vikombe na fulana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba mahali palipokuwa na pakiti.

Kwa hiyo kipande cha 1952 kiliweza kuidhihaki dawa kwa sababu dawa hailipi. Vitameatavegamin haikuwapo dukani. Watazamaji, hata hivyo, walijua ndugu zake. Miaka miwili mitatu kabla, Marekani ilikuwa imevamiwa na maji ya dawa yanayoitwa Hadacol, yaliyouzwa na Dudley LeBlanc, seneta wa jimbo la Louisiana, mtu asiye daktari wala mfamasia. Hadacol ilikuwa na vitamini za kundi B na alkoholi asilimia 12, ambayo waliieleza kuwa ya kuhifadhia dawa isiharibike. LeBlanc alikodi treni na magari akapeleka waimbaji na wachekeshaji wakubwa mji kwa mji, Hank Williams akiwamo, na tiketi ya kuingia haikuwa pesa bali vifuniko vya maboksi ya Hadacol. Mchekeshaji Groucho Marx alipomwuliza dawa hiyo inafaa kwa nini, LeBlanc alijibu kwamba mwaka uliopita ilimfaa yeye kwa dola milioni tano na nusu. Mwaka 1951 aliuza kampuni, na walionunua wakakuta madeni.

Msafara wa namna hiyo hauhitaji kuelezwa huku kwetu. Gari linafika, muziki unapigwa, vijana wanacheza, mtu anapanda juu na chupa. Chupa inatibu kisukari, mgongo, ndoa na mitihani. Sheria ya Uganda ya dawa ya 1993 iliunda mamlaka ya taifa ya dawa, na dawa haitakiwi kutangazwa kienyeji bila ruhusa ya mamlaka hiyo. Nikiletewa karatasi ya dawa naomba nione kibali. Wengine wanakileta. Wengine wanasema kiko Kampala, kinakuja na basi la kesho, na basi hilo bado lipo njiani.

Wachekeshaji wamekuwa wakiipiga biashara hii tangu zamani, na si Lucy peke yake. Katuni ya "The Simpsons" mwaka 1995 iliamsha masanamu ya matangazo ya barabarani yakatembea na kubomoa mji, na dawa pekee iliyopatikana ni watu wote kuacha kuyatazama, yakaanguka yenyewe. Wazo zuri. Ningependa kuliona likijaribiwa Arua, ambako kuna maduka yaliyopakwa rangi ya njano au nyekundu kuanzia msingi mpaka paa kwa sababu kampuni ya simu ilitoa rangi bure, na mwenye duka akaona ni faida, ukuta umepakwa na yeye hakugharamika.

Ila kwetu mchekeshaji na tangazo hawakai mbali. Charles Bukeko wa Kenya aliigiza kama Papa Shirandula kwenye televisheni ya Citizen tangu 2007. Ni mlinzi wa getini ambaye mkewe anaamini kwamba anafanya kazi ofisini. Asubuhi anatoka na suti, kazini anabadili sare. Kama kuna kichekesho cha Afrika Mashariki kilichoielewa roho ya tangazo, ndicho hicho: mtu mzima amejifungia ndani ya kifungashio chake mwenyewe na hawezi kutoka. Na Bukeko huyohuyo ndiye aliyekuja kutamba nje ya mipaka ya Kenya kwa tangazo la Coca-Cola, lile la baridi ya soda inayomtetemesha mtu mpaka midomo. Nchi nyingi zilimjua kwa mtetemeko ule bila kujua jina lake. Alifariki Julai 2020. Tazama tena uso wa Lucy kijiko cha kwanza, kisha mkumbuke Bukeko na chupa yake baridi. Misuli ni ileile. Mmoja anaucheka uongo na mwingine anaiuza soda.

Tanzania walikuwa na mchekeshaji Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga. Sauti ile na macho yale yaliuza vitu vingi. Alipougua, mwaka 2018, ikabidi serikali, chini ya waziri wa habari na sanaa Harrison Mwakyembe, iunde kamati ya kupitia mikataba yake ya matangazo ionekane alistahili kupata nini. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Hapo sina utani wa kuongeza. Kama kuna mtunzi anayetafuta kipande cha vichekesho kuhusu biashara ya matangazo, chumba cha kamati hiyo ndipo pa kuanzia: meza ndefu, karatasi za mikataba, na nchi nzima ikimkumbuka mzee kwa matangazo ambayo haieleweki alilipwaje.

Ng'ambo ya kizuizi chetu, Wakongo wamefika mbali kuliko sisi sote. Mwanamuziki wa Kinshasa anapoimba, katikati ya wimbo wa mapenzi anarusha majina ya wafanyabiashara, mabosi, wanasiasa. Kila jina limelipiwa. Wenyewe wanaita kurusha libanga, jiwe. Bia nazo ziligawana wanamuziki: Bralima, wenye Primus, walimchukua Werrason, na Bracongo, wenye Skol, wakamchukua J.B. Mpiana, hata ugomvi wa waimbaji wawili ukawa ugomvi wa chupa mbili. Nyimbo hizo zinapigwa Vurra kuanzia asubuhi. Rafiki yangu anayevusha vitunguu kutoka Aru, Kongo, aliwahi kuniuliza ni kiasi gani kwa jina lake kurushwa. Nikamwambia mimi si Werrason, kwangu ni bei ya chai. Nikamrushia. Aliuza vitunguu vyake vyote, lakini siku hiyo kila mtu aliuza.

Mpaka hapa nimekwepa tumbaku. Nayo ndiyo iliyonifanya nikae na kipande hiki muda mrefu.

West Nile, mkoa wetu, kwanza ilikuwa nchi ya kutoa vibarua. Babu zetu walikwenda kwenye mashamba ya miwa ya kusini na wengine hawakurudi. Zao la fedha lililokuja kushika kwetu ni tumbaku. Serikali ya kikoloni ililihimiza, kampuni ya sigara ya BAT ikawa mnunuzi mkubwa kwa miongo mingi, na kwa miongo hiyo mtoto wa Vurra aliyevaa sare ya shule alikuwa amevalishwa na jani. Baba yangu alilima. Najua kitalu chenye miche midogo inayofunikwa kwa nyasi. Najua kuchuma kuanzia majani ya chini, kuyafunga kwenye fito, kuyapanga ndani ya bani la kukaushia, na moto unaowaka mchana na usiku, siku kadhaa, mtoto akiamshwa gizani kwenda kusukuma kuni. Najua utomvu unaoganda kwenye vidole mpaka chakula kikawa kichungu. Miti ya asili ya huku iliingia ndani ya mabani, na ukisimama leo barabarani ukatazama upande wa Kongo, sehemu kubwa ya kijani unachokiona ni mkaratusi uliopandwa baadaye ili moto upate chakula.

Katika hayo yote sikumbuki kichekesho kimoja kuhusu tumbaku. Tulikuwa na vichekesho kuhusu chifu, kuhusu padri wa Ediofe, kuhusu daktari Mzungu wa Kuluva, kuhusu mlevi, kuhusu mkwe. Ukutani kwenye duka kulikuwa na pakiti ya Sportsman imechorwa, kichwa cha farasi kimetulia, na tulipita mbele yake na mzigo wa majani kichwani bila kuona jambo la kuchekesha. Chifu hakuwa akitulipa.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 imefuta matangazo yote ya sigara Uganda na udhamini wake pamoja. Marekani waliyaondoa kwenye redio na televisheni mwanzoni mwa 1971. Desi Arnaz, yule aliyekuwa mume ndani na nje ya kipindi, mvutaji mkubwa, alikufa mwaka 1986 kwa saratani ya mapafu. Simlaumu Lucille Ball wala watunzi wake. Walikuwa na kipindi cha kulisha, na ndani ya mipaka waliyopewa walitengeneza kitu ambacho mpika arege wa Vurra amekielewa miaka 70 baadaye bila mkalimani. Nasema tu kwamba ukitazama kichekesho kinachopiga biashara ya matangazo, baada ya kucheka kile kinachopigwa, tafuta kile ambacho mkono umekiruka. Katika kipande cha 1952 mkono uliruka pakiti moja, tena ukaivaa.

Nina sababu ya kulisema sasa. Kuna vijana wa Arua, wanne, wanaorekodi vichekesho kwa simu. Wana vipaji. Mmoja anaigiza mganga anayetibu kila kitu kwa chupa moja. Mwingine ni mbunge anayefungua kisima ambacho kilishafunguliwa. Wa tatu anavaa gomesi, lile gauni la wanawake wa Uganda, anakuwa mama mkwe, na mama wakwe wenyewe ndio wanaomcheka zaidi. Walinijia wakitaka sauti yangu kwa kipande kipya kinachohusu mtu wa matangazo kama mimi, mwenye pikapu, anayesifu kila kitu mpaka anasifu mazishi. Niliipenda. Nikawaeleza habari za Lucy, nikawaonyesha kijiko cha kwanza kwenye simu, na yule anayeigiza mganga akakirudia palepale vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kisha wakanipa karatasi. Mwanzo na mwisho wa kipande kulikuwa na sentensi za kampuni ya kubeti mpira, ambazo nilitakiwa nizisome kwa furaha, na chini kabisa, kwa haraka, niseme kwamba mchezo ni wa wenye miaka 25 na kuendelea, kama sheria ya 2016 inavyotaka. Aliyekuwa na umri huo kati yao ni mmoja.

Nikawauliza kama wana kipande chochote kinachomcheka mtu anayebeti. Vibanda vya kubeti viko kila kona kutoka Customs mpaka mjini, na vijana wanaotoka mle Jumapili jioni wana nyuso ambazo hata Lucille Ball angezisoma.

Walitazamana. Mama mkwe ndiye aliyejibu, gomesi akiwa amelishika mkononi.

"Hicho tulikirekodi, mzee. Ndicho kilichochekesha kuliko vyote. Ila hatujakitoa."

Nikawaomba wanionyeshe, na wakanionyesha. Ni cha dakika tatu hivi, na kinachekesha kweli. Tumekubaliana bei ya sauti yangu kwa kile cha pikapu, nusu kabla, nusu baada, na nimewaambia kwamba hicho kingine, siku wakitaka kukitoa, nitakisomea bure.